Maswali na majibu: Kitufe kipo, kwa nini uhariri faili kwa mkono?

Toleo hili barua nyingi zimeangukia sehemu moja, watu wanaopenda kuset kompyuta zao wenyewe kwa kufungua mafaili na kutumia vijiprogramu vidogo vya terminali, na wale waliojaribu wakakwama njiani. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha maana zilikuwa ndefu mno.

SWALI: Habari mtaalam. Mi natumia Linux mwaka wa pili sasa na nimejikuta settingi zote nafanya kwa kufungua faili na kuandika mwenyewe, zile programu za menyu na vitufe nimeachana nazo. Wenzangu kazini wananishangaa, wanasema hayo mambo ya kizamani, sa hivi kila kitu kina kitufe chake, napoteza muda bure. Ni kweli nimebaki nyuma?

JIBU: Hujabaki nyuma ndugu yangu, na ntakueleza kwa nini nasema hivyo, maana hili jambo nalipenda na linaniuma nikiona watu wanakatishwa tamaa.

Utaratibu wa kuweka settingi kwenye maandishi ya kawaida tumeurithi kutoka mfumo wa Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianza mwaka 1969 pale Bell Labs. Kizamani ndiyo, lakini jiulize kwa nini mpaka leo seva zinazobeba intaneti bado zinaendeshwa kwa mafaili ya maandishi yaliyomo ndani ya /etc, yaani folda la settingi za mfumo. Sababu ni kwamba settingi ikiwa ni maandishi, kila chombo kinachojua kusoma maandishi kinaweza kuigusa, huhitaji programu maalum kwa kila kitu. Chukua mfano huu, kuna kitu kwenye mashine yako kinatumia poti 8080 na hujui kimewekwa wapi. Unaandika:

grep -rn 8080 /etc

Baada ya muda mfupi unaletewa jina la faili na namba ya mstari, kila mahali hiyo namba ilipoandikwa. (Weka sudo mbele, yaani iendeshe kwa mamlaka ya msimamizi, maana kuna mafaili mle mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuyasoma.) Sasa hebu fikiria kazi hiyohiyo kwa menyu, ufungue dirisha la programu moja, uende settingi, uende "zaidi", ufunge, uende programu nyingine, na hapo bado hujui kama umeangalia zote. grep imekuwepo tangu 1973 na haijawahi kunihamishia menyu.

Halafu kuna suala la kujua nini kimebadilika, na hili mi naona ndo kubwa kuliko yote. Kabla hujagusa faili unalikopi, mfano sshd_config (settingi za ssh, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) unaikopi iwe sshd_config.zamani, unafanya mabadiliko yako, kitu kikiharibika unapiga diff kati ya hizo mbili na unaoneshwa mstari uleule uliougusa, unaurudisha, maisha yanaendelea. Ukishabofya vitufe vitano kwenye madirisha matatu, nani atakukumbusha ulibofya nini? Na ukitaka kumsaidia mwenzio aliye mbali, maandishi unamtumia anakopi anapesti, wakati picha ya dirisha inakufa siku toleo jipya likitoka na menyu imehamishwa upande wa pili.

Ila wenzako nao wana hoja kidogo na sitaki uwadharau. Kuunganisha Wi-Fi, kuongeza printa, kupanga skrini mbili, hayo tumia kitufe tu, hakuna sifa yoyote ya kuandika kwa mkono kitu utakachokifanya mara moja ukasahau. Mkono unafaa pale unapotaka kuelewa, kurudia au kurekebisha.

Na kuna mtego mmoja unaowapata wengi wanaopenda mkono. Kuna mafaili ambayo yanaandikwa na programu nyingine, wewe ukihariri, programu inakuja inafuta ulichoandika na kuandika chake. Mfano maarufu ni /etc/resolv.conf, pale zinapokaa anwani za DNS, zile seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Unaandika yako, inafanya kazi, ukizima na kuwasha imerudi ya mwanzo, unadhani kompyuta ina mashetani. Kumbe ni NetworkManager au systemd-resolved, programu za kusimamia mtandao, ndo mwenye hilo faili. Soma mistari ya juu kabisa, mara nyingi kuna alama ya # na maneno yanayosema faili hili limetengenezwa na programu fulani usilihariri. Ukiyakuta usishindane nayo, mtafute huyo aliyeliandika ukabadilishe kwake.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilinunua diski ya pili nikataka ijipachike yenyewe kompyuta ikiwaka, nikafuata maelekezo nikaongeza mstari kwenye /etc/fstab, lile faili la orodha ya diski za kupachikwa. Ikakubali siku kadhaa, leo nimechomeka na flashi nikawasha, imekaa kama dakika moja na nusu halafu ikaniletea skrini nyeusi inaandika emergency mode. Nimepoteza kila kitu? Nimeandika /dev/sdb1 kama walivyosema.

JIBU: Marahaba. Hujapoteza kitu, tulia kabisa. Data yako iko salama kwenye diski, kilichokwama ni mstari mmoja wa maandishi.

Jina /dev/sdb1 halijafungwa na diski yako milele, linatolewa kwa mpangilio ambao kompyuta imeviona vifaa wakati wa kuwaka. Ulipochomeka flashi, flashi ikachukua sdb, diski yako ikawa sdc, mfumo ukaenda kutafuta kile ulichoandika haukukikuta. Ile dakika na nusu ni sekunde 90 ambazo systemd, programu inayowasha huduma zote kompyuta ikianza, inasubiri kifaa kabla ya kukata tamaa, na kwa vile hukuiambia kwamba diski hiyo si ya lazima, ikaona bora isimame kuliko kuendelea.

Hapo kwenye skrini nyeusi ingiza paswedi ya root, yaani mtumiaji mkuu. Kama mfumo wako haukuwahi kupewa paswedi ya root, washa kwa flashi ya kuinstolia, pachika diski yako kuu ukalifungue faili kutoka huko. Kama umeingia, andika mount -o remount,rw / ili uruhusiwe kuandika, fungua /etc/fstab kwa kihariri cha nano, weka alama ya # mwanzo wa ule mstari ulioongeza, sevu, reboot. Itawaka.

Sasa uuandike vizuri. Piga lsblk -f, utaona kila diski na UUID yake, hiyo ni namba iliyoandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe kwa hiyo inatembea na diski popote utakapoichomeka. Mstari wako uwe hivi, hapo kwenye UUID weka ya kwako:

UUID=namba-yako /mnt/picha ext4 defaults,nofail 0 2

Zile sehemu sita uzisome kutoka kushoto: kifaa, mahali pa kukipachika, aina ya mfumo wa faili, opsheni, sifuri ya dump (programu ya zamani ya bakapu) ambayo siku hizi karibu hakuna anayeitumia, na mwisho zamu ya kukaguliwa na fsck, programu ya kukagua diski, ambapo 1 ni ya diski kuu na nyingine unazipa 2. Neno la kukuokoa ni nofail, maana yake diski isipokuwepo endelea kuwaka bila hiyo.

Na naomba hili lishike mwanangu, ukihariri fstab usireboot kabla ya kujaribu. Piga findmnt --verify ikukagulie, halafu sudo mount -a. Ikinyamaza uko salama, ikilalamika unarekebisha ukiwa bado una kompyuta inayowaka. Programu nyingi za maana zina njia ya kujikagua hivyo, sshd ina sshd -t, nginx ina nginx -t, na sudo ina kabisa visudo ambayo inagoma kukusevia kimyakimya kama umekosea. Kwa seva ya mbali ongeza tahadhari nyingine, ukibadilisha ssh usifunge lile dirisha ulilonalo, fungua la pili ujaribu kuingia upya, likikubali ndo ufunge la kwanza.

SWALI: Kihariri cha maandishi, vi au nano? Jibu moja tu tafadhali maana tunabishana.

JIBU: Anza na nano, amri zake zimeandikwa hapo chini ya skrini unazisoma. Ila jifunze vi kiasi cha kuingia, kuandika, kusevu na kutoka, yaani i ya kuanza kuandika, Esc ya kuacha kuandika, :wq ya kusevu na kutoka, na :q! ya kutoka bila kusevu, kwa sababu siku moja utakuta mashine ambayo nano haimo na vi imo.

SWALI: Mtaalam mi nimeamua kuachana na programu kubwa ya bakapu maana ilikuwa inataka akaunti, inataka nilipie, na mafaili yenyewe inayafunga kwenye muundo wake ambao siwezi kuufungua bila yenyewe. Nikaandika mstari wangu mmoja kwenye crontab, ile orodha ya kazi ambazo programu ya cron inaziendesha yenyewe kwa saa uliyopanga:

0 2 * * * tar czf bakapu-$(date +%F).tar.gz picha

Kwenye terminali inafanya kazi safi kabisa. Usiku hakuna kitu. Hakuna kosa, hakuna faili, kimya. Nimeshachoka nataka kurudi kwenye ile programu.

JIBU: Usirudi! Dada, umeshafanya sehemu ngumu, kilichobaki ni kidogo sana na kinawasumbua hata watu wenye miaka mingi kwenye hii kazi.

Tatizo lako ni ile alama ya asilimia. Ndani ya crontab alama ya % ina kazi yake maalum, inasomwa kama mwisho wa mstari, na kila kinachofuata baada ya % ya kwanza kinatupwa kwa amri kama maandishi ya kuingizwa. Kwa hiyo cron haikuona amri yako nzima, iliona hivi tu:

tar czf bakapu-$(date +

Mabano yamefunguliwa hayajafungwa, shell, yaani programu inayosoma amri, ikakataa. Na ujumbe wa kosa ulitoka, ila cron huwa inautuma kwa barua pepe ya ndani ya mashine, na kama hujaset barua pepe basi unapotea hakuna anayeuona. Ndo hiyo kimya yako.

Unaweza ukaweka \ kabla ya % ikakubali, lakini mi nakushauri amri yako iingie kwenye skripti, kwa sababu huko ndani ya skripti sheria ya % haipo na utaweza kuijaribu yenyewe bila kungoja saa nane usiku. Tengeneza faili /home/mimi/bin/bakapu.sh (hapo kwenye "mimi" weka jina lako), ndani yake:

#!/bin/sh
set -e
cd /home/mimi
tar czf /mnt/bakapu/picha-$(date +%F).tar.gz picha

Ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, halafu crontab iwe:

0 2 * * * /home/mimi/bin/bakapu.sh >> /home/mimi/bakapu.log 2>&1

Ule mkia wa mwisho unamwaga kila neno la skripti, zuri na baya, kwenye faili la logi, asubuhi unalifungua unasoma. Ule mstari wa set -e unasema kitu kikishindwa simama hapohapo, usiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Na angalia bakapu inakwenda /mnt/bakapu, yaani diski nyingine, maana ya kwako ilikuwa inakaa pembeni ya picha zenyewe na diski ikifa vinakwenda vyote.

Kitu kingine cha kujua, cron haiendeshi amri zako katika mazingira uliyoyazoea. Inatumia /bin/sh hata kama wewe unatumia bash, na PATH yake, yaani orodha ya folda inamotafuta programu, ni fupi, kwenye Linux ya Debian kwa mfano ni /usr/bin:/bin tu, kwa hiyo kijiprogramu ulichokiweka /usr/local/bin hakionekani mpaka uandike njia yake kamili. Ukitaka kujaribu skripti katika hali inayofanana na ya cron andika hivi:

env -i HOME=$HOME PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh /home/mimi/bin/bakapu.sh

Ikipita hapo, usiku nayo itapita.

Halafu, crontab -e ni ya kuhariri na crontab -r ni ya kufuta yote, haiulizi mara mbili, na kwenye kibodi e na r ziko jirani. Kwa hiyo kila ukimaliza piga crontab -l > crontab.bakapu uwe na nakala. Na mara mojamoja fungua hiyo bakapu yenyewe, tar tzf na jina la faili inakuonesha orodha ya kilichomo, toa picha moja uitazame kwa macho. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha bado hujui kama unayo.

Picha zikishakuwa nyingi hadi kukopi zote kila usiku inachukua muda mrefu, hamia rsync, ipo tangu 1996 na inahamisha kilichobadilika tu. Na kile kilichokukera mwanzo, mafaili kufungwa kwenye muundo wa mtu mmoja, hapo hutakutana nacho tena, tar iko kila mahali na folda ya rsync ni folda ya kawaida tu unaifungua.

SWALI: Mkuu naona watu wa vitu simpo wengi wanaichukia systemd. Mi ndo naanza, niikimbie?

JIBU: Usikimbie kitu ambacho hujakijua bado. systemd ilitoka 2010, na Debian ilipoamua kuifanya ya kawaida kwenye toleo la 8, lililotoka 2015, watu waligawanyika hadi wengine wakatoka kuanzisha Devuan, yaani Debian isiyo na systemd. Malalamiko mengine yana msingi kwa maoni yangu, imemeza kazi nyingi mno ndani ya mradi mmoja, na logi zake zinakaa kwenye muundo usiosomeka kwa grep moja kwa moja, unapitia amri ya journalctl. Hilo la logi hata mi silipendi.

Lakini upande wa settingi imebaki maandishi. systemctl cat na jina la huduma inakuonesha faili lote na liko wapi, na systemctl edit inakutengenezea kijifaili cha pembeni kinachoitwa override.conf ambamo unaandika mistari yako tu, faili la asili halijaguswa, apdeti ikija haifuti cha kwako. Huo ni ustaarabu mzuri kwa anayependa mkono. Ukishaielewa ukaona bado haikufai, Linux ya Slackware ipo, imetoka 1993 na mpaka leo inawaka kwa skripti za shell unazoweza kuzisoma zote mwanzo hadi mwisho. Kuzisoma tu ni shule, hata kama hutahamia.

SWALI: Nilikuwa na seva mbili nazihariri kwa mkono kwa raha zangu, sasa zimefika kumi na nne na kila moja ina tofauti zake nashindwa kukumbuka. Mwenzangu anasema nitumie Ansible, programu ya kuset seva nyingi kwa pamoja, mi naogopa nitakuwa nimerudi kwenye mizigo niliyoikimbia.

JIBU: Mwenzako kasema kweli. Mkono unaishia pale kichwa chako kinaposhindwa kukumbuka, na kwa kumi na nne umeshapita. Seva ikifa leo usiku, utaijenga upya kutoka wapi?

Uzuri wa Ansible ni kwamba maagizo yake yenyewe ni mafaili ya maandishi, inaingia kwa ssh ileile unayoitumia, na kwenye seva zenyewe kwa kawaida inahitaji Python tu, hakuna programu ya kukaa inaendeshwa muda wote. Kwa hiyo hujaacha kuandika kwa mkono, sasa unaandika sehemu moja na inaenda kote. Usiiandikie kila kitu kwa mkupuo, anza na kitu kimoja kinachofanana kwenye seva zote, labda sshd_config, iendeshe kwanza na --check --diff ikuoneshe itakachobadilisha bila kubadilisha, hapo hapo utaziona hizo tofauti ulizozisahau. Weka mafaili hayo kwenye git, programu inayotunza historia ya kila badiliko. Na kwa zile seva ambazo bado hujazifikia instoli etckeeper, inaitunza /etc nzima ndani ya git na kila ukiapdeti inarekodi yenyewe.

SWALI: Nikiapdeti Debian inasimama inaniuliza nibakize faili langu la settingi au nichukue jipya. Huwa nabonyeza Enter tu, nakosea?

JIBU: Hukosei sana, Enter inabakiza la kwako. Lakini bonyeza D kwanza, itakuonesha tofauti kati ya la kwako na jipya mstari kwa mstari. Wakati mwingine jipya lina settingi ya usalama ambayo la kwako halina, au neno ulilotumia limeachwa kabisa na huduma itagoma kuwaka. Ukishaona, jibu N kubakiza lako halafu uongeze hiyo mistari mwenyewe. Lile jipya utalikuta palepale pembeni likiwa na .dpkg-dist mwisho wa jina, ukimaliza kulisoma unaweza kulifuta.